Dokta Zuwena na Neno la Kujisafisha

Mshipa wa mtu aliyefunga hujificha. Hajanywa maji tangu daku, jua limemchoma kutwa, na weye unamjia na sindano yako magharibi imekaribia. Msimpigepige mkono, wanangu. Hilo hufanywa na wenye pupa. Ulazeni mkono wake chini ya usawa wa moyo, ufunikeni kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kisha mzungumzisheni mwenyewe. Muulizeni leo kwao kunapikwa nini cha kufuturia. Akifika kwenye muhogo wa nazi, mshipa unakuja wenyewe.

Damu ikishaingia kwenye mrija, usiutikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Upindue polepole, uurudishe, uupindue tena, halafu uuweke kwenye barafu, na safari ya kwenda maabara ianze hapo hapo. Seli zilizomo ndani ya damu hazijui kama zimetoka mwilini. Zinaendelea na kazi zao. Ukichelewa, utakachokipima si hali ya mtu tena, ni hali ya mrija.

Hayo yote nilifundishwa na Dokta Zuwena. Mie nilikuwa nesi wa hospitali tangu enzi za sirinji za kioo, zile tulizokuwa tukizichemsha kwenye sufuria, nikijiona mjuzi wa kutoa damu Pemba nzima. Siku ya kwanza aliponiona nikitikisa mrija, aliniambia kwa upole, "Bi Mkasi, hiyo si togwa." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku ile nilimpenda, na nilifanya kazi naye mpaka nilipostaafu.

Nyinyi mnaoanza kazi leo mmekikuta kituo hiki cha utafiti kina vigae, kina jenereta, kina friza zinazopiga king'ora zenyewe. Sisi tulikikuta ghala la karafuu. Tuliposafisha na kupaka chokaa, harufu ilibaki. Tukapaka tena, ikabaki. Wageni kutoka ng'ambo walidhani tunafukiza makusudi kuwakaribisha.

Friza kubwa ya kwanza, ile yenye baridi kali kupita barafu, ililetwa na meli, ikapandishwa gari, ikashushwa na wanaume wakitweta, ikakutwa ni pana kuliko mlango. Ilikaa nje imefunikwa turubai na kuku wanapanda juu yake, huku fundi akivunja ukuta. Dokta Zuwena alivua koti lake jeupe akabeba matofali pamoja na vibarua. Watu wa Wawi, hapo ghala lilipo, walikuja kutazama, maana habari ilikuwa imeshaenea kuwa kaja kudai shamba la babu yake.

Hilo niwaeleze. Yeye alikuwa wa kizazi cha Waarabu wa hapo hapo Wawi. Babu yake alikuwa na mikarafuu mingi kabla ya Mapinduzi. Yeye mwenyewe alizaliwa mali imeshaondoka, akasoma skuli ya serikali kama sote, akaenda ng'ambo, akawa bingwa wa mambo ya seli, na akarudi wakati wenzake wengi hawarudi. Basi mzee mmoja alimwuliza pale pale kwenye matofali, "Mwanangu, hili ghala ni mwanzo tu, au?"

Alitua tofali akajifuta mikono. "Mzee wangu, shamba la babu lina wenyewe, na wenyewe ni nyinyi. Mie naomba hili ghala, maji na umeme. Siku nikiomba zaidi ya hapo, nifukuzeni."

Yule mzee akamtazama, akavua koti lake na yeye, akaingia kwenye mstari wa matofali.

Sasa mjue tulikuwa tukitafuta nini, maana wengi huniuliza. Kila seli ya mwili ina vitu vyake vya ndani, na vitu hivyo huchakaa. Chakula kikipungua, seli huvikusanya vile vilivyochakaa, huvivunja na kuvitumia upya. Takataka zikibaki, mwili huanza kuvimba na kuungua ndani kwa ndani bila kidonda kuonekana, na namna unavyokitumia chakula huharibika. Humo ndimo yanamoingilia maradhi ya sukari, na mengine mengi. Dokta Zuwena alitaka kujua jambo hilo linakwendaje kwa watu wetu wenyewe. Akasema, kwingine duniani watu hulipwa wakae na njaa ili wapimwe. Pemba watu wanafunga mwezi mzima kwa hiari yao, na wengine Jumatatu na Alhamisi. Wapi pengine pafae kituo kama hiki?

Kwanza tulikwenda kwa imamu wa msikiti wa Wawi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kutoa damu hakumfunguzi mtu kwa madhehebu yetu. Lakini mkimdhoofisha mtu mpaka akashindwa kuimaliza funga yake, mtakuwa mmemkosesha. Toeni kidogo, na toeni karibu na adhana." Ndiyo maana tukawa tunatoa damu jioni.

Kazi ilikuwa kuwaeleza watu. Mkutano wa mwanzo tuliufanya na kina mama, uwanjani mwa skuli. Dokta alisimama akaeleza vizuri sana, mpaka alipofika kwenye lile jambo lenyewe. Neno la kitaalamu, ukilifasiri kama lilivyo, ni kujila. Na yeye akalifasiri kama lilivyo.

"Mtu akifunga," alisema, "seli zake zinaanza kujila zenyewe."

Bibi mmoja aliyekaa mbele alikusanya kanga zake akainuka taratibu.

"Bibi, unakwenda wapi?" Dokta akauliza.

"Nakwenda kwangu. Mie miaka yote nafunga sikujua kama najila. Na leo sijabakisha nyama ya kuliwa."

Kicheko kilichotoka hapo kilimaliza mkutano. Jioni yake Wawi nzima ilikuwa ikiulizana nani kajila kiasi gani. Dokta alicheka pamoja nao, lakini njiani kicheko kilimwisha. Akaniambia, "Bi Mkasi, mtu akikupa damu yake huku anakuogopa, umemwibia."

Wiki iliyofuata alikuja na neno jipya. Kujisafisha. Mtu akifunga, seli zake zinajisafisha. Nilipolisikia nilijua limefika nyumbani. Watu wetu twahara wanaijua, usafi wanaujua, na kufunga kwenyewe wanakujua kuwa ni kusafisha moyo. Kina mama walitikisa vichwa kukubali kabla hajamaliza sentensi. Waliojiandikisha walikuwa wengi kuliko nafasi. Sote pale kituoni tulifurahi, na hakuna aliyefikiri kuwa neno zuri linaweza kuzidi uzuri.

Taabu nyingine ilikuwa vyama. Nyinyi mnasikia tu habari zake. Sisi tuliishi siku ambazo, uchaguzi ukishapita, watu waliacha kuzikana. Duka la mwenye chama kile halinunuliwi, harusi ya mwenye chama hichi haihudhuriwi, ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Jioni ya mwanzo ya Ramadhani, watu wetu waliingia kituoni wakajigawa wenyewe. Hawa benchi la dirishani, hawa benchi la mlangoni, na katikati hakai mtu. Ikafika hadi mmoja kuniuliza kama sindano yake haikuwahi kumchoma mtu wa upande ule.

Nikamwonyesha paketi iliyofungwa. "Hii haijamchoma mtu yeyote duniani," nikamwambia. "Wala haina kadi ya chama."

Dokta hakuwahutubia. Alimwita mpishi wetu akamwambia futari isipakuliwe kwenye sahani. Adhana ilipolia, yakaja masinia mawili tu, makubwa, ya muhogo na samaki, na yote mawili yakawekwa katikati, pale pasipokaa mtu. Yeye mwenyewe akakaa kwenye sinia la kina mama, mimi ubavuni mwake. Upande wa wanaume watu walitazamana. Njaa ni mwalimu mkali. Akaja mmoja, akaja mwingine, na katika kugombania kichwa cha samaki changu wakasahau kuwa hawasemezani. Sisemi kuwa vyama vilikwisha. Walipotoka nje kila mtu alishika njia yake. Lakini kesho yake walikaa wamechanganyika kidogo, na mwisho wa mwezi sikujua tena benchi lipi ni la nani.

Matokeo nitayatanguliza, maana mtaniuliza tu. Mwaka ule tuliona kuwa kwa watu wazima wa afya, ile kazi ya seli inaonekana kuamka kwa funga. Kwa wenye sukari ya muda mrefu, tuliowachukua kwa ruhusa ya madaktari wao, haikuonekana wazi. Wengine ndiyo, wengine hapana. Na wale waliofuturu kwa kaimati na chai ya sukari nyingi walikuwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Hayo ndiyo yalipatikana, na ndivyo Dokta alivyoyaandika, bila kuongeza chumvi. Waliotarajia muujiza hawakufurahi. Lakini kabla ya matokeo, mwezi wenyewe ukiwa katikati, lilitokea la Kojani.

Watu wa Kojani mnawajua, ni wavuvi, wanafuata samaki pwani yote. Kisiwa chao hufiki ila kwa chombo. Tulikuwa na kikundi chao kizuri, wanavuka, gari yetu inawapokea, wanakuja Wawi. Mmoja wao alikuwa Bi Siti, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Mumewe, Mzee Hamad, hakuwa katika utafiti wetu. Alikuwa na sukari, anameza vidonge vya hospitali, na daktari wake alimkataza kufunga.

Jioni moja Bi Siti hakuja. Wenzake wakasema mumewe kalazwa hospitali ya Chake, hajitambui.

Tulikwenda mimi na Dokta. Tulimkuta Mzee Hamad kitandani, midomo imekauka, dripu mkononi. Kidonda cha mguu alichokipata kwenye matumbawe kilikuwa kimeshageuka rangi. Bi Siti alikuwa kakaa kwenye kigoda. Hakuinuka.

"Kafunga," alisema. "Na vidonge kavitupa baharini. Kasema havitaki tena."

"Nani kamwambia avitupe?" Dokta akauliza.

Bi Siti akamtazama usoni. "Weye."

"Mimi?"

"Sokoni wanasema kituo cha Wawi kimethibitisha. Ukifunga, mwili unajisafisha. Sukari si uchafu? Basi inasafishwa. Mume wangu kaona kiu, kasema kiu ya funga. Kaenda haja ndogo kutwa kucha, kasema ndiyo uchafu unatoka. Mimi nikamwambia, bwana, kula dawa. Akanambia, Siti, weye mwenyewe si ndiye unayekwenda kwao kusafishwa?"

Nilitaka kumtetea Dokta Zuwena, nikaanza kusema kuwa sisi hatukupata kutamka neno dawa wala neno kupona, na ilikuwa kweli. Alinishika mkono ninyamaze. Akamwambia Bi Siti, "Pole, dada yangu. Nitarudi kesho." Akainama akaufunika vizuri mguu wa yule mzee.

Hapa nawaambia jambo la kazi. Kiu ya funga hutulia mtu akipumzika kivulini, na mkojo hupungua. Kiu ya sukari haitulii, na mkojo unazidi. Mgonjwa akikwambia ana kiu na anakojoa sana, usimpongeze kwa funga yake. Mpime.

Mzee Hamad alipona, lakini vidole vya mguu wa kushoto vilikatwa.

Pale kituoni kulikuwa na mgeni kutoka kwa wafadhili, mtu mwema tu, aliyekuja kutukagua. Alipopata habari alishauri tunyamaze. Yule mzee hayumo katika utafiti wetu, alisema, na maneno ya sokoni si yetu. Tukianza kujieleza, watu wataingia hofu, watajitoa, mwezi utaisha na kazi ya mwaka mzima itapotea. Na bila kazi hiyo, alisema, kituo hakitapata fungu la kuendelea. Alikuwa anasema kweli. Wengi wetu tulikaa tukiangalia meza, kwa sababu mishahara yetu ilikuwa humo.

Dokta alimsikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Bi Mkasi, Kojani wanaswali alasiri saa ngapi?"

Tulivuka mimi na yeye, na imamu wa Wawi akaomba kuja pamoja nasi. Baada ya swala watu walikusanyika barazani mwa msikiti, kina mama upande wao chini ya makuti. Walikuja wengi, maana habari za Mzee Hamad zilikuwa zimetangulia. Wapo waliokuja wakitaka kusikia kuwa sisi hatuna lawama, na wapo waliokuja wakitaka kusikia kuwa funga inatibu, na ya Mzee Hamad ilikuwa ajali tu.

Dokta alitoa salamu, akawaamkia wazee, akasimama wima.

"Neno la kujisafisha," alisema, "mimi ndiye niliyelileta. Nililichagua kwa sababu ni zuri, na nilipoona mnalipenda sikuuliza mnalielewaje. Mzee Hamad kalielewa kama mtu yeyote angelielewa. Kosa si lake, wala si la sokoni. Ni langu."

Mtu mmoja akasema kutoka nyuma, "Basi tuambie, Dokta. Funga inatibu sukari au haitibu?"

"Sijui."

Watu wakanong'ona. Yule mtu akasema, "Hujui vipi, na weye ndiye msomi wake?"

"Nimesoma miaka mingi, na mpaka leo sijui. Ndiyo maana nikawaomba damu. Ningekuwa najua, nisingewachoma. Ninachojua ni kidogo. Najua mwenye sukari akiacha dawa yake bila daktari anaweza kufa. Huenda mwakani nikajua zaidi. Huenda nikajua kuwa haitibu kabisa, na nitakuja kuwaambia hivyo hivyo hapa. Anayetaka kujitoa ajitoe, hatutamuuliza sababu."

Akauliza mzee mmoja, taratibu, "Na funga yetu?"

"Funga yenu ni ya Mwenyezi Mungu, baba. Haingoji majibu ya maabara. Na aliyekatazwa na daktari, Mungu kamruhusu kula."

Imamu akaongeza maneno machache kuthibitisha hilo, akasoma aya ya ruhusa ya mgonjwa. Tuliinuka, tukaaga, tukateremka ufukweni. Ndani ya boti Dokta Zuwena alikaa akiufunga na kuufungua mkoba wake.

"Bi Mkasi," akaniambia, "nadhani leo nimekivunja kituo kwa mkono wangu."

Nami nilidhani hivyo hivyo. Nilikuwa na watoto skuli, nikawa nawaza nani atanipokea tena hospitali. Lakini nilimtazama pale alipokaa, nikaona kuwa sitapata kufanya kazi na mtu mwingine kama huyu, na kwamba hata kama kituo kitafungwa, nimeshakiona kilichokuwa cha maana kukijenga.

Kesho yake ilikuwa zamu ya watu wa Kojani. Tulipeleka gari bandarini kama kawaida, bila matumaini. Mimi nilipanga mirija kwa mazoea tu, nikachemsha maji ya vitambaa. Dokta alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, akiandika barua ya kumjibu yule mgeni wa wafadhili.

Gari iliporudi nilisikia sauti ya Bi Siti kabla ya kumwona. Alikuwa anawaamrisha wenzake wasikanyage sakafu kwa viatu vyenye mchanga. Waliingia mmoja baada ya mmoja. Walipungua wachache, siwezi kusema uongo, lakini kikundi kilikuja. Na nyuma yao nikaona nyuso ambazo sikuzijua.

Dokta alitoka akasimama mlangoni. Hakuamini.

"Bi Siti," alisema, "mumeo hajatoka hospitali. Kwa nini umekuja?"

Bi Siti alikuwa keshakaa kwenye kiti changu, anakunja mkono wa baibui.

"Nimeishi na watu wengi wanaojua," akasema. "Wa chama wanajua, wa sokoni wanajua, mume wangu alijua. Weye umenambia hujui. Siku utakayonambia unajua, nitakusadiki."

Kisha akanigeukia mimi, kwa ile sauti yake. "Na weye Mkasi, unangoja nini? Adhana i karibu."